Mandoselo Isiyo na Kasoro

6 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mahali pako penye mwanga, miguu haikusumbui na kile kikohozi kimekwisha. Mimi sijambo, ila mikono inababuka kwa mvuke kama kawaida. Wiki hii mashine yetu ya kunyooshea shuka imekufa, basi shuka zote za hospitali tumezipiga pasi za mkono, na msimamizi anatembea nyuma yetu kama amedondosha sindano.

Sasa kaa vizuri. Nimenunua mandoselo.

Najua hapo umevua miwani. Ivae tena, nimeandika kweli. Ilikuwa kwenye dirisha la duka la vitu vilivyokwishatumika, karibu na kituo ninaposhukia. Imebanwa kati ya feni isiyo na panga na mashine ya kusaga nyama, imebandikwa karatasi: "Gita, lina kasoro." Nikamwambia mwenye duka, mzee, hili si gita, ni mandoselo. Hesabu nyuzi, ziko nane, zimekaa mbili mbili. Ni mandolini iliyokua ikaota sauti ya kiume. Akasema hiyo ndiyo kasoro yenyewe, nyuzi zimezidi, kila mteja anaiuliza kisha anaikimbia. Akanipunguzia zaidi ya nusu ya bei, na jinsi alivyofurahi kupata nafasi dirishani, nadhani ningekawia kidogo angeniongezea na ile feni.

Nilijua nimenunua kuni. Sanduku lake linanuka panya, limefungwa kwa kamba. Nilipofika chumbani nikalifungua nikiwa nimegeuza uso pembeni. Baba, ni nzima! Nimefanya kama ulivyokuwa ukifanya: nimefumba jicho moja nikaichungulia shingo kama mtu anayelenga shabaha, imenyooka. Nimegonga tumbo kwa kifundo cha kidole kila mahali, hakuna panapojibu kwa sauti ya mbao iliyoachia. Vile vyuma vidogo vya shingoni havijalika. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu mpaka mpangaji wa chumba cha pili akaniuliza kama nimepata habari za nyumbani.

Ni yako. Unajua kwa nini. Siku niliyoondoka nilivuta sanduku langu juu ya kabati kwa hasira, na mandoselo yako ikaja nalo, ikavunjika shingo. Hukusema neno. Ulinisindikiza mpaka mlangoni bila neno. Miaka tisa sasa, na kila nikiandika barua nataka kulitaja hilo nashindwa. Leo nimelitaja.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nne. Mimi ni mzima wa afya, sina la kulalamikia, kikohozi kimenisahau. Simu ndiyo bado mbovu, fundi ananizungusha tu, kwa hiyo tuendelee na barua. Pole na mikono. Ipake mafuta kabla ya kazi, si baada.

Umenifanya nitoke nje nikatembee kidogo nitulize moyo. Mandoselo! Lakini sikiliza, wewe bado ni yule yule wa haraka. Chombo hakiwezi kupunguzwa bei hivyo kikakosa donda. Tia kioo kidogo kwenye tundu, umulike, uangalie zile mbavu za ndani. Gundi huachia pale kwanza. Kisha tazama mahali shingo inapoingia mwilini, ukiona mstari mwembamba kama unywele, ni ufa. Tazama na daraja la nyuzi, huwa linazama.

Ukiona ufa usiuguse. Usimpelekee fundi yeyote wa huko, hao wanabandika gundi ya viatu. Niletee hivyo hivyo na ubovu wake. Nimekwishatenga msasa na gundi nzuri, na meza nimeisafisha. Hebu angalia vizuri tena.

Baba yako

22 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima, na kwamba unatembea. Mimi pia ni mzima, na mashine imepona, hata msimamizi ametabasamu jana ingawa baadaye alikanusha.

Nimeangalia. Nimeazima kioo, nimemulika mbavu zote. Nimemwita fundi wa mashine zetu, mtu asiyeamini chochote, naye akapekua nusu saa, akasema aliyekuwa nayo aliitunza kuliko watu wanavyotunza wake zao. Hakuna ufa, hakuna gundi iliyoachia, daraja halijazama. Kasoro niliyopata ni harufu ya panya tu, na hiyo ni ya sanduku. Kubali, Baba. Kwa mara moja katika maisha yetu tumepata kitu rahisi na ni kizima.

Naituma kwa basi la Jumanne. Nimeifunga kwa mashuka mawili yaliyofutwa kwenye daftari la hospitali, usimwambie mtu. Ikifika, kaa nayo, piga hata wimbo mmoja, kisha uniandikie umepiga upi. Hilo tu ndilo ninalotaka. Nitajua umenisamehe.

Mwanao

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Watu wa basi wanasema mzigo ulichukuliwa na jirani yetu fundi cherehani. Mbona si wewe? Mzigo umefika salama? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

25 Aprili

Baba, shikamoo.

Kama bado una kinyongo, niambie. Nitaelewa. Mwishoni mwa mwaka ulinikataza hata kuja likizo, ukasema unapaka rangi nyumba. Nani anapaka rangi nyumba ya vyumba viwili mwezi mzima? Nilijua hutaki kuniona. Kunyamaza kwako ndiko nisikokuweza, maana nilishakuona ukinyamaza mara moja.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba. Leo sikuandikii kwamba ni mzima.

Mwezi wa nane mwaka jana nilikuwa napiga randa mguu wa kiti. Mkono wa kushoto ukaachia, kama mkono wa mtu mwingine aliyekumbuka ana kazi kwingine. Nikaanguka. Daktari akasema kiharusi. Mguu umerudi, ninauburuta kidogo. Ulimi umerudi karibu wote. Mkono haukurudi.

Simu haikuharibika. Ungesikia maneno mawili tu ya ulimi wangu ungejua, ungeacha kazi, ungekuja kunilisha kwa kijiko. Nikakumbuka kwamba mkono wa kuandika ni wa kulia. Ndiyo maana tukaanza barua, na mwandiko wangu ni ule ule, nawe ukadanganyika. Rangi ya nyumba nayo ilikuwa uongo. Sikutaka uone fundi cherehani akinifunga vifungo vya shati asubuhi. Yeye nilimwapisha asikwambie, na mdomo wake unaujua, sijui amewezaje.

Ulipoandika umenunua mandoselo ya bei ya kutupa, nilifurahi kwa sababu moja tu. Nilidhani ni mbovu. Msasa naweza kupiga kwa mkono mmoja. Gundi naweza kupaka. Ningebana ufa kwa jiliwa, ningesubiri ukauke, ningeanza tena kesho yake. Ningekuwa na kazi ya miezi sita. Nilikuwa naomba ufa, mwanangu, nilipokuandikia uangalie tena.

Ukaniletea nzima. Fundi cherehani aliifungua akaiweka kitandani, nikaipapasa kila mahali nikitafuta pa kuanzia. Sikuona pa kuanzia. Nikazigusa nyuzi zikiwa wazi, kwa mkono wa kulia. Sauti ilitikisa kitanda. Hakukuwa na kidole cha kubana hata noti moja. Nikalia mpaka fundi cherehani akaenda kusimama nje. Iko uvunguni sasa, na mimi sikuweza kukuandikia mwezi mzima kwa sababu uliniuliza nimepiga wimbo gani.

Na hilo la siku ile, sikukunyamazia kwa hasira. Mandoselo ni mbao. Ningefungua mdomo ningekuomba usiende, na ulikuwa umeshakata tiketi.

Baba yako

9 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea stoo, nyuma ya marobota ya taulo, kwa sababu pale mtu anaweza kulia bila kuulizwa.

Nimekukasirikia. Ngoja niseme nimalize. Miezi tisa umekuwa ukiandika "mimi ni mzima" na mimi nikiamini. Nalala nikijua una kinyongo nami, kumbe huwezi hata kujifunga vifungo. Ningechagua kukulisha kwa kijiko. Hukunipa nafasi ya kuchagua, ukachagua peke yako, na ukanifanya nikutumie kitu cha kukuliza. Nilikaa sakafuni nikacheka kwa furaha, Baba. Nilikuwa nacheka nini?

Nimeomba likizo. Msimamizi amenipa wiki tatu bila kuniuliza swali, jambo lililonitisha zaidi ya barua. Nafika Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, jioni. Kama utataka, nitakaa kushoto kwako nibane nyuzi, wewe upige kwa mkono wako wa kulia. Sijui kitu, utanielekeza. Kama hutataka, iache uvunguni, wala sitaiulizia. Lakini usiniandikie nisije.

Mwanao

16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Umekasirika vizuri, ulikuwa na haki. Sikuandikii usije.

Hilo la kubana nyuzi, vidole vyako havina usugu, vitakuuma, na mimi nitakuwa mkali kwa sababu ya uchungu wangu mwenyewe. Tunaweza kushindwa siku ya kwanza. Sijui kama nitaweza kuvumilia kuusikia wimbo wenyewe. Siwezi kukuahidi.

Jambo moja tu. Jumamosi ukifika usisimame kubisha hodi, nikianza kuinuka nitakuchelewesha. Mlango wetu unaujua, lazima uvutwe kwa mkono mmoja ndipo ufunguo uzunguke kwa mwingine. Tangu mwezi wa nane sijaweza kuufunga. Sukuma tu, uingie.

Baba yako