Dakika Thelathini na Tatu za Baba

Pasiansi, Mwanza
14 Machi 1999

Dada yangu mpendwa Rebeka,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Okwach, pamoja na wapwa zangu Perez na Okeyo, ambao nasikia sasa wamerefuka kiasi cha kuinama mlangoni. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Queen anakusalimu sana. Mama naye, tuliyemleta hapa kwetu baada ya maziko, anakusalimu kuliko wote, ila macho yake si yale uliyoyaona msibani. Mtoto wa jicho alimwanza upande wa kulia mvua zilipokatika, na sasa upande wa kushoto nao unafuata. Chakula kipo, ingawa sangara wote wanaishia viwandani na sisi wengine tunabakiwa na mapanki, vichwa na mifupa yao. Kazi ya studio inaendelea, harusi hazijaisha mjini.

Najua utashangaa kuona kurasa nyingi kutoka kwa mtu ambaye kwa kawaida anakuandikia mistari sita na kuweka sahihi. Barua hii nimeianza mara nne. Kila mara nilifika kwenye salamu, nikaona nimesahau kufunga studio, au nimesikia mteja anabisha hodi, nikaacha. Leo nimemwomba Queen aende na watoto kanisani bila mimi, nimejifungia chumbani, na sitanyanyuka hapa mpaka nimalize. Nakuomba nawe uisome mpaka mwisho kabla hujaichana.

Barua yako ya Desemba ninayo. Uliandika kwamba hutakuja kwenye ibada ya kutimiza mwaka wa baba, na kwamba mama atafute mtu mwingine wa kumpeleka hospitali ya macho, kwa sababu huwezi kulala katika nyumba ya mtu ambaye hata alipowekewa kamera mbele yake alikosa neno moja la kukuambia. Mama hajui kusoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Sentensi hiyo niliiruka. Nilimwambia umebanwa na shule ya watoto.

Sasa nianze mwanzo. Unakumbuka mwaka juzi nilivyokuandikia kwa majigambo kwamba nimenunua kompyuta yenye kadi ya kuingizia picha za video. Nilijaza ukurasa mzima kuisifu. Pale mtaani kwetu studio nyingine zote zilikuwa bado zinaunga mikanda kwa deki mbili, unabonyeza huku, unabonyeza kule, picha inaruka kama mbuzi. Mimi nikapaka ubao mpya mlangoni, nikaandika kwamba hapa harusi inahaririwa kwa kompyuta. Watu walikuja kuangalia tu. Nikawa naitwa fundi hata na watu wenye umri wa baba, na nikaanza kuitika bila hata kuona haya.

Mwezi wa tano baba alipozidiwa, nilikwenda kumwona kule Kayenze. Akaniuliza kama ile kamera yangu inaweza kubeba maneno ya mtu mpaka huko Shirati unakokaa. Nikamwambia inabeba. Jumatano iliyofuata nikaenda nayo na stendi yake. Alikuwa amenyolewa, amevaa shati jeupe, ameketi ukumbini kwenye kiti chake. Nilipomaliza kuweka kila kitu sawa, akaniambia nibonyeze hicho cha kubonyeza kisha nitoke. Hata mama alitolewa nje. Alisema maneno yale ni yake na Rebeka, na mtu mwingine yeyote hana haki nayo. Tukakaa nje na mama tukichambua mchicha mpaka alipogonga mezani kutuita. Mkanda ulikuwa umekwenda dakika arobaini na mbili.

Dada, unamjua baba kuliko mimi. Tangu siku ile alipowazuia akina Okwach kuingiza ng'ombe wa mahari zizini, wakalala barabarani na ng'ombe wao mpaka asubuhi wakarudi nao kwao, nawe ukawafuata, hakuwahi kulitaja jina lako mbele yetu. Miaka kumi na miwili. Kwa hiyo alipolitaja siku ile, tena mbele ya mama, nilijua nimebeba kitu kizito. Akaniusia nisisikilize. Nikamwahidi.

Kesho yake nikaanza kuuhamishia mkanda kwenye kompyuta, ili baadaye nikutolee nakala nzuri kwenye mkanda mkubwa wa deki. Nikueleze kazi hii inavyokwenda, maana makosa yangu yamo humo. Mkanda wa kamera hauwezi kuharakishwa. Ukiwa wa dakika arobaini na mbili, utakaa dakika arobaini na mbili ukiucheza huku kompyuta inaunakili. Waya wa njano unapeleka picha kwenye kadi. Sauti haipiti humo. Inapita kwenye waya wake, mweupe na mwekundu, unaochomekwa nyuma ya kompyuta kwenye tundu lingine kabisa. Kazi zote mimi huziangalia na kuzisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo moja nilizima spika kabla sijaanza, na hata ile ya televisheni nikaifunga sauti, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Nikakigeuzia kioo kisogo, nikawa napiga soga na mteja. Picha zilipomalizika kuingia, nikatazama mwanzo na mwisho, baba yupo, anang'aa, safi. Nikajipongeza.

Jumamosi nilikuwa na harusi hapa hapa Pasiansi. Mikanda ya kamera ilikuwa imeadimika mjini, nami nilizoea kuutumia tena mkanda uliokwisha kuingizwa kwenye kompyuta. Ndiyo kawaida yangu, na kabla ya hapo haikuwahi kunitupa. Nikauchukua ule wa baba. Juu ya maneno yake nikarekodi bibi harusi akilishwa keki.

Baba aliishi wiki tatu baada ya hapo. Aliniuliza mara tatu kama nimekwisha kukutumia mkanda. Mara mbili za kwanza nilimwambia maneno yake yapo salama ndani ya kompyuta, nasubiri tu nafasi ya kuyatoa. Nilikuwa na harusi nyingi. Akafa akiamini nimekutumia, kwa sababu mara ya mwisho, nilipoona anahangaika, nilimwambia nimetuma.

Msibani ulisimama na majirani nje ya uzio, hukuingia. Mimi ndiye niliyekufuata pale, nikakunong'oneza kwamba baba amekuachia maneno yako, dakika arobaini na mbili, na nitakuletea. Uliniangalia kwa namna ambayo mpaka leo naiona. Hata kula ukala siku hiyo.

Baada ya maziko ndipo nikakaa nikutolee nakala. Nikaunganisha deki, nikafungua sauti nijaribu kidogo tu kama iko sawa, niifunge. Hakukuwa na kitu. Nikadhani ni spika, nikabadilisha spika. Nikainama nyuma ya kompyuta na tochi. Waya wa sauti ulikuwa unaning'inia hewani. Sikuwa nimeuchomeka. Nilichomeka waya wa njano peke yake, na kwa kuwa nilijizuia kusikiliza, sikujua kwamba hakuna cha kusikiliza. Nikakimbilia mkanda wa kamera kama kichaa, nikasikia kwaya ya harusi na vigelegele.

Hapo, dada, bado nilikuwa na nafasi ya kuwa mtu. Ningepanda basi nije nikuambie. Kosa la waya linaweza kumpata fundi yeyote, ungelia, ungenitukana, yangeisha. Lakini niliona ule ubao wangu mlangoni. Niliwaza shemeji Okwach atasemaje, watu wa Kayenze watasemaje, fundi wa kompyuta amempoteza baba yake mwenyewe. Nikaona aibu, na aibu ikanifundisha ufundi mwingine.

Ule mkanda niliokutumia Oktoba, wa dakika tisa, baba ameketi kimya, anatazama mlangoni, anafuta macho, anakunywa maji, na wimbo wa kwaya juu yake, haukuwa vile alivyokaa mbele ya kamera. Nilikaa siku mbili nikikata kila mahali mdomo wake uliposogea. Kila mahali. Alipofunga mdomo kumeza mate, nilibakiza. Alipofungua, nikatoa. Dakika thelathini na tatu alizozungumza nawe nilizitoa, nikaunga vipande vya ukimya wake, nikavifunika kwa wimbo, kisha nikakuandikia kwamba kumbe mzee hakusema kitu, alitaka tu uione sura yake. Baba hakukosa neno la kukuambia, Rebeka. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nakuomba radhi, na najua neno radhi halitoshi hata kufungulia mlango.

Sikupanga kukuambia. Mwezi uliopita mama alishika kiti akaniambia sasa kivuli cha mtu na mtu mwenyewe anavichanganya, na kwamba kabla hajapofuka anataka aambiwe kweli kwa nini binti yake hamtaki. Nikajaribu tena habari ya shule ya watoto. Akasema mimi ni mwongo tangu utotoni, na nikidanganya huwa nakuna shingo. Nilikuwa nakuna shingo. Nikamwambia yote, mpaka la kukata.

Hakunipigia kelele. Aliuliza kama vile vipande nilivitupa. Nikamwambia sikuthubutu, picha nzima ipo bado kwenye diski, ila haina sauti, haina faida. Akaniuliza kama nimesahau alikofanya kazi.

Dada, nilikuwa nimesahau. Wewe ungekumbuka saa ileile. Miaka kumi na moja kwenye kinu cha pamba, mashine zikinguruma kutwa nzima, yeye na wenzake wakisimuliana habari za ndoa zao kwa midomo tu. Na kanisani alivyokuwa akitukemea kutoka benchi la kina mama bila kutoa sauti, nasi tukaelewa kila neno. Mtu wa kunisomea mdomo wa baba nilikuwa nakula naye ugali kila siku, na tangu baba afe nilihakikisha hakaribii ile kompyuta.

Nikampeleka studio. Aliketi na pua karibu iguse kioo. Alimtazama baba mara tatu kwa siku mbili, akiniambia nirudishe, nisimamishe, nirudishe tena. Mimi alinigeuza nitazame ukutani. Kuna mahali alicheka. Kuna mahali alivuta khanga akaziba uso. Alipomaliza alisema kwamba mengi ameyaona, mengine ukungu umeyala, na kwamba ningemleta Juni iliyopita angenipa yote. Aliisema hiyo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilimwomba aniambie niandike. Alikataa. Alisema baba aliwatoa nje watu wawili, na yeye mmoja tayari ameingia kwa lazima. Hawezi kunivuta na mimi. Ameniruhusu jambo moja tu, ili usikae mwaka mwingine na uongo wangu: baba alianza kwa kulitaja jina lako, kisha akasema siku ile ya ng'ombe, aliyekosa ni yeye. Yanayofuata atakupa mwenyewe, uso kwa uso.

Mkanda mzima, dakika zote arobaini na mbili, bila wimbo, anao Obedi, dereva wa basi la Musoma, pamoja na barua hii. Ukija, hulazimiki kunisalimia. Nitalala studio, au nitakwenda kwa Antoni, rafiki yangu kule Nyegezi, mpaka utakapoondoka. Lakini njoo, na usingoje ibada ya Juni. Mama hajui kuandika, na anaogopa asije akayasahau maneno ya baba. Tangu siku ile, akichambua maharage, akifua, akiota jua uani, anayarudia. Namwona midomo yake inasogea, hakuna sauti, nami nasimama mlangoni na sielewi hata neno moja.

Nisalimie shemeji, na umwambie aisome barua hii yote, sitaki tena kujificha kwake. Wapwa zangu wabusu kwa niaba ya bibi yao. Mungu akulinde njiani, kama utakubali kuwa njiani.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Venant Shimba