Kwa Asrat Gebeyehu, Fundi Saa Aliyezipima Filamu

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumatano ulipoinama kufunga kamba za viatu na usiinuke tena. Bado tumeduwaa. Mtu aliyemaliza kifungua kinywa chake chote, akamtania mkewe kwamba chai ya leo ina moto kuliko ndoa yao, anaondokaje kabla kikombe hakijapoa? Mpaka leo kuna siku tunajisahau tukakuwekea nafasi mezani.

Tulidhani huo ndio mshtuko wa mwisho utakaotupa. Wapi! Wiki tatu zilizopita umetushtua upya, nawe umelala kaburini, na safari hii hatujui tukugombeze au tukulilie. Tutafika huko.

Ulikuwa fundi saa wa mtaa wa Piazza kwa miaka thelathini na minane, katika kijiduka kilichobanwa kati ya sonara na kibanda cha Mekuria, fundi viatu tunayemwita Gashe kwa heshima ya umri wake, rafiki yako wa kufa na kuzikana. Hukuwahi kumrudishia mteja saa siku ileile uliyoitengeneza. Ulikaa nayo siku mbili zaidi, "mpaka tuzoeane". Watoto wakija dirishani kukuuliza ni saa ngapi, uliwauliza kwanza wao wanaonaje, na ukabishana nao kama watu wazima. Ulipofunga duka miaka mitatu iliyopita ulisema simu zimeua saa, nasi tukakubali.

Ulipenda filamu. Mama yetu, Wolela, anasema ulimposa mara moja tu lakini sinema ulimpeleka mara sita kabla hujafungua mdomo. Kila Jumanne na Jumamosi, saa nane mchana, wewe na Gashe Mekuria mliteremka barabarani mmeshikana mikono mpaka ukumbini. Hukuchagua. Ya mapenzi, ya vita, ya mashetani, ya Wahindi, ya kwetu, yoyote iliyokuwapo ulikaa ukaitazama mpaka taa zikawashwa.

Jumapili, baada ya kanisa, ndipo tulipopata hukumu. Majani mabichi yametandazwa sakafuni, bisi ziko kwenye ungo, ubani unafuka, Mama anakaanga kahawa. Kila mtu hunywa vikombe vitatu, kama kila nyumba ya kwetu, na wewe ulitoa filamu moja kwa kila kikombe. Hukuwa na habari za nyota wala alama. Ulizipima kama saa.

"Ile ya Wahindi inachelewa dakika arobaini," ulisema. "Mvua imenyesha, wamelowa, tumeelewa. Waoane, twende nyumbani."

Ya watu wa angani ulisema inawahi mno. "Dunia imelipuka hata sijakaa vizuri. Sasa nimwonee huruma nani? Sijatambulishwa!"

Fitsum, mwanao mkubwa, alishindwa kuvumilia. "Baba, hiyo imepewa tuzo dunia nzima."

"Tuzo wanapeana wenyewe kwa wenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti. Wao walikuwa wapi?"

Ya vita uliiita saa iliyosimama. Wanapigana, wanapigana, na hakuna hata mmoja anayeulizia chakula. Wewe ulikuwa jeshini na mliwaza dengu tu. Ya mashetani hukuogopa hata chembe. Ulisema mlango wa nyumba ile unalia kila ukifunguliwa na hakuna anayeutia mafuta, na wewe ungehama kwa sababu ya mlango. Ya yule kijana anayejifanya shemasi ili amwone mchumba wake, hiyo tu ndiyo iliyokwenda sawasawa. Ulicheka mpaka mama wa kiti cha mbele akakupa leso yake.

Miaka miwili ya mwisho maoni yako yalizidi kuwa makali. "Yule mwizi ana viatu vipya," ulisema, "vinamng'ata." Au: "Malkia kavaa bangili tatu, moja ni ya bati." Sisi tukatazamana. Tukasema huyu fundi saa hapitwi na kitu, jicho lake linaona yasiyoonwa na watu wenye miwani. Jicho! Tulilisema neno hilo mbele yako, nawe ukaendelea kutafuna bisi zako.

Sasa tuseme la Mahlet, binti yako, kwa maana yeye ndiye ameomba tangazo hili liandikwe hivi, bila kuficha.

Mahlet ni fundi cherehani, unamjua, ameanza na pazia za majirani. Alipopata kazi ya kushona mavazi ya filamu kwa mara ya kwanza, filamu ya bibi wa ukoo mkubwa anayekataa mume aliyechaguliwa, alitembea hapa nyumbani kama hagusi chini. Kulikuwa na gauni moja la mahameli, la siku bibi yule anapofungua geti na kuwaambia washenga warudi kwao. Alilishona siku arobaini, sehemu kubwa kwa mkono. Kila jioni alikuita kwake, alikopanga, ulione. Kila jioni ulikataa. "Nitaliona sinema kama watu wengine," ulisema. "Fundi haonyeshi saa iliyo wazi tumbo."

Filamu ilipotoka ukaenda, na Jumapili ile tuliijaza sebule. Mahlet alikaa karibu na mkeka wa kahawa, kikombe mkononi, hanywi. Kikombe cha kwanza ulikimalizia filamu nyingine kabisa, makusudi, kumtesa. Kikombe cha pili ukakohoa.

"Filamu ya Mahlet," ukasema. "Inachelewa dakika tano tu, na hizo ni kosa la yule mchumba, anaongea kama anatafuna kamba. Lakini lile gauni jekundu! Wekundu ule, jamani, ulijaza ukumbi."

Mahlet akakugeukia.

"Jekundu, Baba?" Mahlet akauliza.

"Jekundu lililokolea."

"Hakuna gauni jekundu filamu nzima."

"Lipo. La getini."

"La getini ni la kijani." Sauti ilianza kumpanda. "Nimelishona siku arobaini mpaka vidole vikatoka damu. Wewe hukwenda. Mlikaa mkanywa chai na Gashe Mekuria, mkaokota maneno ya watu mlangoni."

"Nilikwenda, mwanangu."

"Basi ulilala! Za Wahindi unahesabu mpaka bangili, ya mwanao hujui hata rangi? Mwongo wewe, Baba."

Kumwambia baba hivyo, mbele ya wageni! Mama alijiziba mdomo. Wewe ulisema tu, "Kunywa kahawa, inapoa." Mahlet akaweka kikombe chini, akachukua shuka lake, akatoka kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka, ambacho katika nyumba yetu hakirukwi hata na mwenye safari. Jumapili iliyofuata hakuja. Siku tatu baadaye ukafariki.

Kwa hiyo mwaka mzima Mahlet ameishi na mawili: kwamba baba yake hakuona kazi yake inastahili saa mbili za kiti, na kwamba neno la mwisho alilomwambia ni mwongo. Hakujua alilie lipi kwanza. Kazi za filamu alizokuja kupewa alizikataa zote. Amerudia pazia.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa uani tunamenya vitunguu vya chakula cha kumbukumbu yako. Gashe Mekuria akaja, akakaa mahali pako, Mama akammiminia kahawa. Tukamuuliza sinema anaendaje siku hizi.

"Naenda," akasema, "lakini haina ladha. Nakaa kimya kama mgonjwa. Sina wa kumnong'oneza."

"Kumnong'oneza nini, Gashe?" Mahlet akauliza, kisu mkononi.

"Filamu, mwanangu. Sasa baba yako angeionaje bila mimi?"

Akatutazama nyuso zetu. Akashusha kikombe. "Wolela," akamwambia Mama, "ina maana hukuwaambia?"

Mama hakuinua kichwa. "Alinikataza. Na alipokufa niliona haya kwamba niliwaficha."

Basi ndivyo tulivyoambiwa, Baba, juu ya sufuria la vitunguu, kwamba ulikuwa huoni. Presha ya macho. Giza lilianzia pembeni, likasogea katikati, na miaka miwili kabla hujafa lilikuwa limebakiza mwanga wa dirisha tu. Simu hazikuua duka lako. Gashe Mekuria alikushika mkono barabarani kila siku, na kwa kuwa hapa kwetu wanaume wazima hutembea wameshikana mikono, nani angeshuku? Mama alikulisha matonge kwa mkono wake kila mlo, nasi tukachekelea, tukasema tazama mapenzi ya uzeeni. Ulikataa runinga ya nyumbani, ukasema filamu haitazamwi sufuria zikilia. Ukimtoa Mama, tulikuwa watu wanne tukiingia na kutoka nyumba ile na hatukuona! Fitsum alipiga paja lake mpaka likawa jekundu.

Ila Mahlet alikuwa amesimama. Aliingia ndani, akarudi na kipande cha mahameli ya kijani, masalio ya gauni lile, akakiweka kwenye goti la Gashe Mekuria.

"Hiki ni rangi gani?"

"Msiba umekuchanganya, mwanangu? Chekundu."

Fitsum akaokota pilipili mbichi, kijani kama nyasi. "Na hii?"

"Nyekundu. Au kahawia, haijaoshwa vizuri. Mnanifanyia mtihani wa shule?"

"Mekuria!" Mama akapiga kelele. "Miaka yote hii unanunuaje nyanya?"

"Ananunua mke wangu! Mimi viatu vyangu ni vyeusi na kahawia, kijani nimekutana nacho wapi?"

Tulicheka, Baba, Mungu atusamehe, tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Kumbe miaka miwili umezitazama filamu kwa macho ya mtu asiyetofautisha jani bichi na damu! Kisha kicheko kikakatika ghafla, maana tulimwona Mahlet amekaa chini kwenye maganda ya vitunguu.

"Alikufa amenikasirikia?" akauliza.

Gashe Mekuria akatikisa kichwa. Alisema hadithi ya filamu uliisikia mwenyewe, hukutaka akusimulie. Katika ile ya Mahlet ulimwambia akunong'onezee nguo tu. Pindo linafika wapi. Mikono imebana au imeachiwa. Akitembea, kitambaa kinafuata au kinabaki nyuma. Watu wa safu ya mbele waligeuka kuwanyamazisha, nawe ukawaambia kwa sauti, "Ni za binti yangu hizo."

Na baada ya Jumapili ile ulimrudisha ukumbini mara nne. Mara nne kwa siku tisa. Kila geti lilipofunguliwa ulimbana mkono. "Una hakika, Mekuria?" Naye, maskini, akajibu, "Kama ninavyokuona wewe."

"Nikamwambia, Asrat, mwambie mtoto ukweli," akasema Gashe Mekuria. "Akakataa. Akasema, 'Ameshona siku arobaini akijua baba yake ataliona. Nikimwambia siwezi kuliona, atabeba hilo maisha yake yote. Afadhali aniite mwongo. Jumapili akija, nitamwambia nililala, nimwombe msamaha, yaishe.' Siku hiyo ilikuwa Jumanne, tunatoka sinema. Nikamfikisha mlangoni."

Jumatano asubuhi ukainama kufunga viatu.

Tungekugombeza, Baba, kama ungekuwapo. Tungekuambia hakuna aliyekutuma kutubebea giza peke yako, na kwamba tungekunong'oneza wote kwa zamu, mpaka ungechoka kutusikia. Mama naye tumemnunia siku mbili, tukashindwa kuendelea. Na Gashe Mekuria tunamtangazia hapa kwamba hatuna kinyongo naye, ila nyanya asinunue.

Misa ya mwaka wako itakuwa Jumapili hii, na baada yake chakula nyumbani kwa majirani na wanachama wote wa chama cha mazishi cha mtaa.

Wanaokukumbuka ni mkeo Wolela Biru; wanao Fitsum Asrat na Mahlet Asrat; mkamwana wako Tigabu; mjukuu wako Biruktawit; na rafiki yako Mekuria Shiferaw. Siku zote tulizobakiza, daima, utakuwa nasi.

Nafasi iliyobaki Mahlet ameiomba iwe yake, nasi tunainakili kama alivyoandika:

Baba, lilikuwa la kijani. Kijani kizito, ukikipitishia mkono kinyume na manyoya yake kinakuwa karibu cheusi. Pindo linafika kwenye kisigino na limeshonwa mara mbili ili likae zito, lisirushwe na upepo wa getini. Mikono imebana mpaka kiwiko, kisha imeachiwa. Vifungo ni kumi na tisa, nimevivika kitambaa kilekile kimoja kimoja. Mgongoni kuna mshono uliopinda kidogo, mtazamaji hauoni, wewe kidole chako kingeuona. Akitembea, kitambaa kinabaki nyuma kidogo halafu kinafuata.

Wewe ulikwenda mara tano. Mimi Jumapili moja sikuja.