Unabaki ama Unakwenda

Othieno, mume wangu,

Jumamosi wananiuliza. Ndugu yako Owor alivuka mpaka juzi, akaja hadi nyumbani kwetu Busia, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa polisi, akanieleza utaratibu. Siku ya lumbe, msiba wako utakapofungwa rasmi kule kwenu Kisoko, upande wa Uganda, mkeka utatandikwa mbele ya nyumba ya mama yako na mimi nitaketishwa juu yake. Mzee mmoja wa ukoo ataniuliza mbele ya watu wote kama ninabaki ama ninakwenda. Nikisema ninabaki, mimi ni mke wa mji ule, boma lenu, mpaka kufa, na nitazikwa kando yako. Nikisema ninakwenda, nitasindikizwa kwa heshima hadi kwa kaka zangu upande wa Kenya, na mlango utakuwa umefungwa. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuna wa kunifungulia baadaye. Niliuliza kama kuna jibu la tatu. Hakuna.

"Na shemeji," Owor akasema, macho kwenye viatu vyake, "ile maneno ya mwanaume kuchunga mjane, wazee nasema saa hii haiko lazima. Mimi nakuambia mapema. Tafadhali, usituandike."

Usituandike! Zamani neno hilo lingenilisha mwezi mzima. Unajua nilivyowaandika wanaume wanaorithi mwanamke pamoja na baiskeli na panga, kana kwamba vyote vitatu vilitundikwa ukuta mmoja. Wewe ulikuwa ukichukua ukurasa wa gazeti wenye makala hiyo, ukiutandika chini ya viatu vya mitumba sokoni, na mteja akiusoma wakati anajaribu kiatu ulimwambia, "Huyo ni mke wangu, usimchokoze, jaribu cha kushoto." Sasa ndugu yako mwenyewe ananiletea mkeka, mzee na swali, na mimi nikamwambia chai yake inapoa.

Sina hasira. Nimeitafuta. Nimesoma magazeti ya pande zote mbili za mpaka, nimesoma upuuzi ambao mwaka jana ungenitoa kitandani, na nimekunja gazeti nikaenda kumenya viazi. Yule hasimu wangu wa siku zote, ambaye tumetukanana kwa makala tangu nywele zake zikiwa nyeusi, aliniandikia rambirambi nzuri, pengine ndiyo nathari bora aliyowahi kuandika. Niliisoma kama ninavyosoma pakiti ya chumvi. Kilio nacho sina. Wanawake wa kwetu wananitazama usoni kila asubuhi kama watu wanaotazama mawingu, kisha wanaondoka bila mvua.

Ninachokumbuka si mazishi, wala ile asubuhi ya soko moyo wako uliposimama mikono yako ikiwa ndani ya belo la mitumba ulilokuwa umelifungua. Ninakumbuka Da Lat. Katika miaka yetu yote, akili yangu imechagua siku mbili tulizokaa katika mji wa milimani wa Vietnam, na zile nyingine zimekaa kimya.

Nilikuwa nimealikwa kwenye kongamano la waandishi huko bondeni, kwenye joto, ukasema huwezi kuniachia nchi nzima niigombeze peke yangu. Ukaja. Kongamano lilipokwisha ukataka tusafiri kama wale vijana wa Kizungu wanaopita Busia kila mwaka, kila kitu mgongoni. Unakumbuka siku tulipoondoka, yule afisa wa mpakani aliyetujua tangu zamani? Alituona na mabegi yale akaacha kugonga mihuri.

"Mzee Othieno, nani amewafukuza?"

"Hakuna. Tunatembea tu."

"Mtu mzima hatembei na nyumba mgongoni kama hajafukuzwa."

Sisi wa mpakani tumewaona wengi wakivuka na nyumba mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitalii. Ulicheka. Mimi nilianza kutunga makala palepale, kuhusu nani duniani anaruhusiwa kuzurura na nani anaitwa mkimbizi kwa begi lile lile. Ilikuwa makala nzuri. Nikiisoma leo naona mwandishi ana sauti kubwa na sijui anamfokea nani.

Basi lilipanda mlima mchana kutwa. Kila mtu alikuwa ametuambia Vietnam ni joto, tukaamini, sisi watu wa Busia ambao kwetu joto ndilo hali ya hewa na mengine ni uvumi. Tukashuka Da Lat na mashati mepesi. Misonobari, ukungu umelala ziwani, vilima vyote vimefunikwa plastiki nyeupe ya kukuzia maua, na ubaridi unaopenya mpaka kwenye meno. Ulisimama kituoni ukijikumbatia, ukasema, "Mama, hii mji iko ndani ya friji."

Nami nikaanza. Nilikuambia kwamba mji huu ulianzishwa na wakoloni waliokimbia jua la bondeni, kwamba mkoloni popote alipokwenda alitafuta kilima cha baridi akapanda stroberi na kujidanganya yuko kwao, kwamba hata kwetu walifanya hivyo hivyo, kwamba baridi ina siasa yake. Uliniacha niende mpaka kwenye nukta.

"Mheshimiwa, kipaza sauti kimezimwa," ukasema. "Baridi ya siasa nauma mimi kwa masikio. Twende sokoni."

Pale sokoni, kwenye ngazi pana zinazoteremka katikati ya mji, ndipo ulipopata wazimu. Chini pote, kwenye maturubai, kulikuwa na chungu za nguo kuukuu: makoti, masweta, skafu, na akina mama wameinama wakichambua. Mitumba! Tulikuwa tumevuka bahari na nusu ya Asia kuja kukuta kazi yako. Ulipiga kelele kama mtu aliyeona jirani ugenini. Ukapiga magoti, ukageuza kola, ukavuta mshono, ukanusa kwapa la koti, watu wakakutazama. Ukanitolea koti moja jekundu lenye pamba ndani, ukalipandisha juu kwa mikono miwili.

"Hii ni kamera," ukasema. Ndivyo mnavyoita nguo ya daraja la kwanza, ile inayofichwa kabla belo halijamwagwa. "Miaka yote hii sijaona kamera kama hii. Vaa."

"Sivai mitumba. Unajua nilichoandika."

"Nimesoma. Nimeuzia viatu juu yake. Vaa, Mama, midomo yako imekuwa ya maiti."

Nikavaa. Lilinikaa kana kwamba nilipimwa. Ulipatana bei na yule muuzaji bila lugha, kwa kuguna na kuondoka na kurudi, naye akaguna na kugeuka na kugeuka tena, mkamalizana mkicheka. Ukatembea mbele yangu mjini kama baba wa bi harusi. Na watu walitutazama kweli. Wasichana wawili wa Kikorea, watalii, walisimama wakanionyesha kidole gumba. Mzee mmoja, mtalii kama wao, aliniinamia kichwa. Ukasema, "Unaona? Wanajua mali."

Jioni ile Bi Lan, mwenye nyumba ya wageni, alinizungusha taratibu kama mtoto anayepimwa sare, akaelekeza simu yake kwenye maandishi ya Kikorea yaliyojaza mgongo wangu mzima. Simu ikasoma kwa Kiingereza. *Klabu ya Akina Mama ya Kuvuta Kamba.* Bi Lan akakaa chini kwa kicheko. Wewe ukajaribu kushikilia hadhi ya taaluma yako, ukashindwa, ukaegemea mlango ukilia machozi.

"Bwana Kamera," nikakuambia. "Mtaalamu. Ulinusa kwapa, mgongo hukuusoma?"

"Mimi sikosei. Nguo imekujua. Kuvuta kamba! Nani mwingine ningemvalisha?"

Nilikasirika vizuri sana usiku ule, Othieno. Nalikumbuka joto la hasira lile kuliko joto la koti. Nilikueleza kwamba hivi ndivyo tunavyotembea Afrika nzima, migongo yetu imeandikwa maneno ya wengine, tunaringa. Ukanisikiliza ukila parachichi lililosagwa na barafu katika baridi ile, kama mwehu, ukaniuliza kama ninaweza kurudia ile sehemu ya migongo, ilikuwa tamu.

Asubuhi Bi Lan alitupa maziwa ya soya ya moto, akatuuliza tumetoka wapi. Ukasema Busia. Akauliza Busia iko nchi gani. "Zote mbili," ukamwambia. Akafikiri Kiingereza chako kimekosea. Kisha tukaenda kukaa kando ya ziwa kwenye viti vidogo vya plastiki, magoti yetu yakigusa videvu, na ukaanza kupanga jinsi tungeishi pale. Kibanda karibu na ngazi za soko. Wewe unauza, mimi ninagombana na serikali yao. "Hapa hakuna Mpadhola kama mimi, hakuna Msamia kama wewe," ukasema. "Hakuna shemeji. Hakuna mtu nauliza kaburi iko wapi." Nikakujibu kwamba kila mahali kuna wanaouliza, ni vile tu hatujajua lugha yao. Ukainuka kwenye kiti. Ukasema baridi imeingia kwenye figo, twende zetu. Tukashuka mlima mchana ule. Koti nilimwachia Bi Lan, ambaye aliliomba kwa mikono miwili.

Ndiyo hayo. Hayana funzo. Mwandishi niliyekuwa zamani angelichimba funzo kwa sururu. Mimi nakuandikia tu kwamba yalitokea.

Sasa niko kati ya kaka zangu na ndugu zako, na pande zote wananitendea wema, jambo linalonichosha kuliko ugomvi. Kaka mkubwa amepaka rangi chumba. Ananiambia, "Dada, rudi nyumbani, umemaliza kazi yako kule." Wanasema *marehemu*. Wanasema *alikuwa mtu mzuri, alikuwa na mzaha, alipenda watu.* Kila sentensi ni sanifu na kila sentensi imefunga mlango nyuma yako. Wenzangu wa gazetini nao wananisubiri nikatae mkeka. Wamekwisha kuniwekea nafasi ya makala. Mmoja aliniambia kwa simu, "Hii ndiyo vita yako, umeiandaa maisha yote." Nikamwambia nitafikiri, nikaenda kulala mchana kweupe.

Jumapili nilivuka nikaenda Kisoko kumwona mama yako. Nilifikiri tutanyamaza pamoja. Tulikaa nyuma ya jiko tukibambua karanga. Unajua hatujawahi kuwa na lugha nyingine mimi na yeye: Kidhopadhola changu ni cha salamu, Kisamia hakijui, basi tunakutana katika kile Kiswahili chake alichookota akiuza karanga mpakani, ambacho kina wakati mmoja tu. Hakina *ali*, hakina *ata*. Kila kitu kinatendeka sasa.

"Othieno nakula hii?" akaniuliza, akinionyesha karanga mbichi. Akajijibu. "Hapana. Yeye napenda ya kukaanga. Nasumbua mimi! Napanda mfenesi, naanguka, nasema haanguki."

"Mtundu," nikasema.

"Nakuja na wewe hapa siku ya kwanza, naambia mimi: Mama, huyu bibi nasema maneno mingi, mimi nasikia raha. Mimi nauliza yeye, maneno ya nini? Yeye nacheka."

Mimi, Othieno. Mimi niliyewahi kupigana na wahariri wawili kwa ajili ya kiambishi kimoja, niliyeandika kwamba lugha ikilegea na akili inalegea. Nilikaa pale na maganda mapajani, na sikumsahihisha. Nilimwuliza swali. Nilimwuliza, "Yeye nasema nini tena?" Nikasikia mdomo wangu ukivunja ngeli na nyakati zote nilizozilinda. Akanieleza mpaka karanga zikaisha. Ulikula, ukalala, ukaanguka, ukamwibia kaka yako kaptula, ukaoa, ukacheka, yote mchana ule, yote wakati tumekaa.

Sikulia. Usifikiri nakuletea machozi mwishoni kama zawadi. Nilirudi Busia nikiwa mkavu kama nilivyokwenda. Lakini najua nitakachosema.

Nitaketi kwenye mkeka. Mzee atauliza, nami nitasema, "Nabaki." Mara moja, bila hotuba. Wenzangu wataandika kwamba nimewasaliti wajane, na wazee watafikiri wamenifuga. Wakileta mwanamume wa kunichunga nitamrudisha kwa mkewe kabla hajavua viatu, na hilo nimekwisha kumwambia Owor kwa simu, akaitikia haraka sana. Desturi yenyewe bado naiona vile vile. Nguvu zikirudi nitaiandika nikiwa ndani yake, na watajuta kuniketisha.

Chumba cha kaka yangu ni kizuri, kina dirisha. Ila kule kwa kaka zangu wewe ni *alikuwa*. Kisoko unakula karanga, na mama yako anakugombeza. Ni mwanamke mzee, na akiondoka sijui nani atakayebaki akikusema hivyo, isipokuwa niwe nimejifunza.

Lala, Othieno. Nakwenda kufunga mizigo.

Mimi,
mke wa mji wenu