Mkate Wenye Iliki

Brussels, 15 Juni 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Riziki aliniambia umeanza kwenda sokoni bila fimbo. Usijitie ujana, mama, fimbo haijamwaibisha mtu. Mimi mzima. Wiki nzima nilikuwa kwenye jengo moja refu karibu na stesheni ya Kaskazini. Lifti inakwama ghorofa ya kumi na nne, na watu wa suti wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeikwamisha.

Najua simu ipo. Lakini kwenye simu wewe husema "mimi mzima" ukampa Riziki, kwa hiyo nashika desturi yetu ya kuandikiana, hata kama barua siku hizi zinapita kwenye simu hiyohiyo.

Jana nilitoka na Hénock, yule fundi mwenzangu wa lifti, Mkongo wa Lubumbashi. Alinipeleka kwenye soko la usiku la Wafilipino. Wanalifanya Jumamosi moja ndiyo, moja hapana, kwenye uwanja nyuma ya kanisa moja huku mtaa wa Ixelles. Wanaliita la usiku, ila mwezi huu jua linazama saa nne, kwa hiyo tulikula usiku kweupe. Moshi mtupu, na nyimbo za mapenzi kwenye spika. Wanachoma utumbo wa kuku kwenye vijiti, umekunjwakunjwa kama utepe. Nikauliza kama kuna nguruwe, wakanionyesha meza ipi ina na ipi haina. Kisha Hénock akaniletea yai la bata la kuchemsha. Nikalivunja, ndani nikaona mdomo na manyoya, mama. Kifaranga kizima.

"Bon, ndugu yangu, kula kwanza," Hénock akasema. "Utauliza nyuma."

Sikula. Nilimrudishia.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya yai. Kwenye meza ya mwisho kulikuwa na mwanamke anaoka mkate wa mchele na nazi, moto chini, makaa juu ya mfuniko, jani la mgomba ndani ya sufuria. Nikanunua kipande. Nilipouma tu nikasimama. Kulikuwa na iliki. Ulikuwa mkate wako, mama, mkate wa kumimina, hata ile sehemu ya pembeni inayokauka kidogo. Nikaenda meza nyingine inayouza mkate wa aina hiyohiyo, nikaonja: hakuna iliki, juu wameweka jibini na yai la chumvi. Nikarudi kwa yule wa kwanza nikamwuliza mkate wake unaitwaje. Akataja jina la kwao, kisha akacheka akasema, "Lakini huu mimi nauita kumimina."

Hénock akanigeukia. "Huyu maman anasema Kiswahili, ao masikio yangu inanidanganya?"

Hajui Kiswahili. Alisema alifundishwa na rafiki yake, ndivyo rafiki alivyouita. Foleni ilikuwa ndefu, sikuweza kuuliza zaidi. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Wafilipino wameujulia wapi mkate wetu?

Mwanao,
Rahim


Tanga, 18 Juni 2025

Mwanangu Rahim,

Marahaba. Goti ni goti, linauma asubuhi linasahau mchana. Riziki anakusalimu, na jirani yetu Bi Chausiku pia, amepata mjukuu wa tano. Hapa mvua imegoma.

Umefanya vyema kuliacha lile yai. Kitu chenye macho yake kinakutazama, unakilaje?

Habari ya mkate isikusumbue. Mchele upo kila mahali, nazi ipo kila mahali, na mwenye njaa popote alipo ana akili. Iliki nayo inauzwa dunia nzima. Fanya kazi yako, uswali, uvae sweta hata kama jua linawaka, maana jua la huko si la kuaminiwa.

Huyo mwanamke ana umri gani? Ana alama ya kuungua mkononi?

Mama yako


Brussels, 19 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu kwa mjukuu wa Bi Chausiku. Mimi mzima, lifti imepona.

Nimesoma barua yako mara nne. Juu unaniambia nisisumbuke, chini unauliza alama ya kuungua. Alama gani? Yule mwanamke ni wa miaka arobaini hivi, labda hajafika. Mikono yake sikuitazama, nilitazama mkate. Kwani unamjua nani wa Ufilipino?

Nijibu, tafadhali. Sielewi.

Mwanao,
Rahim


Brussels, 2 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Siku kumi na tatu hujaniandikia. Nikipiga, Riziki anasema unaoga, au unaswali, au umelala. Jana alisema ukweli: huumwi, ila umekataa oda zote za mikate na unakaa barazani umeshika tasbihi bila kuihesabu. Ameniuliza nimekuandikia nini. Nikamwambia nimekuandikia habari za chakula. Hakuniamini, na mimi ningekuwa yeye nisingeamini.

Jumamosi nilirudi sokoni. Yule mwanamke anaitwa Luzviminda. Hana alama yoyote mkononi. Anasafisha nyumba za watu kule Uccle na kuoka ni kazi yake ya Jumamosi tu. Nilimsaidia kubeba meza baada ya watu kupungua, ndipo tukazungumza, Kifaransa chake na changu vyote vya kuokoteza.

Mkate alifundishwa na mwanamke wa kijijini kwao aitwaye Nenita, anayeuza mikate kando ya barabara. Nenita alifundishwa Maskati, zamani, alipokuwa mtumishi wa ndani. Walikuwa wawili jikoni, yeye na Mwafrika. Huyo Mwafrika aliitwa Kombo.

Mama, najua wapo akina Kombo wengi. Na wewe mtaani ni Mama Rahim, jina la Mwanakombo hulitumia kwenye karatasi tu. Lakini ulikuwa Maskati nilipokuwa na miaka tisa mpaka kumi na moja. Ulituambia ulikuwa mshonaji kwenye duka la nguo. Nilijivunia hilo shule nzima. Nilipomwambia Luzviminda kwamba mama yangu pia aliishi Maskati lakini alikuwa mshonaji, alinitazama, akaendelea kufunga jiko lake kwa kamba.

Sikulitaja jina lako kwake. Sijui nimefanya vizuri au vibaya. Hénock ananiambia, "Alors, uliza maman yako, si muntu mwingine." Ndiyo ninavyofanya.

Mwanao,
Rahim


Tanga, 8 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Ninaandika Riziki akiwa kazini. Usinikatize kwa simu, acha niseme mpaka mwisho.

Sikuwahi kushona kwenye duka lolote. Nilikuwa mtumishi wa ndani. Nilifua, nilipika, nililea watoto watano wa watu na nililala kwenye chumba cha pasi. Kwenye barua niliandika "mshonaji" kwa sababu bibi yako alizisoma kwa sauti mbele ya majirani, na nilitaka akisoma asishushe sauti. Mwaka wa kwanza nilisema nitawaambia nikirudi. Niliporudi ulikuwa umeshawaambia rafiki zako, nikaacha.

Nenita alikuwepo kabla yangu. Hakujua Kiswahili, mimi sikujua cha kwao. Tulisema Kiarabu cha jikoni: maji, moto, bibi anakuja. Mafuta yalimwagikia mkono wake wa kulia nikiwa mimi ndiye niliyegonga sufuria, akamwambia bibi mwenye nyumba kwamba ni yeye mwenyewe. Mkate niliupika siku moja wenye nyumba wamesafiri. Aliuonja akalia, akasema mama yake hupika hivyo hivyo, ila mimi nimeharibu kwa iliki. Tukabishana wiki nzima juu ya iliki.

Kisha ikaja habari kwamba bibi yako anaumwa na hana siku nyingi. Niliomba ruhusa. Bibi mwenye nyumba akasema mkataba bado miezi saba. Pasi zetu za kusafiria alizifungia kabatini chumbani kwake. Nilimpigia magoti, Rahim. Nenita alikuwa anapanga nguo, akaniona nimepiga magoti.

Siku tatu baadaye, asubuhi, alinipa pasi yangu na tiketi yangu ya kurudia ndani ya mfuko wa vitunguu. Aliiba ufunguo. Nikamwambia twende wote. Akasema yake hakuiona, na tena yeye watoto wake wanakula kwa kazi ile. Akaniambia, "Nenda kwa mama." Nikapita mlango wa takataka.

Sikumwandikia. Miaka ishirini na miwili sikumwandikia. Anwani niliijua, ni ile niliyokuwa nikiiandika juu ya barua zenu. Kwanza niliogopa barua itamtia matatani. Baadaye sikuwa na hofu hiyo tena, na bado sikuandika.

Sasa sijui nikwambie nini. Usimwulize yule msichana lolote. Au mwulize tu kama Nenita yuko hai. Au acha. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, kila nikiamua asubuhi, jioni nimeamua vingine.

Riziki hajui.

Mama yako


Brussels, 13 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na nairudia, shikamoo.

Sijakasirika. Nilitaka uanze kusoma ukijua hilo. Nilikaa na barua yako kwenye benchi ndani ya Galerie d'Ixelles, mbele ya saluni za Wakongo, mpaka mama mmoja akatoka na kitana mkononi akaniuliza, "Mutoto yangu, wamekufisha muntu?" Nikamwambia hapana, sijafiwa. Ni kwamba nilikuwa najaribu kukuona umepiga magoti na sikuweza, halafu nikaweza.

Jana nilikwenda sokoni. Nilimwuliza kama Nenita yuko hai, na kwa kuwa siwezi kuuliza nusu, nikamwambia Kombo ni mama yangu. Luzviminda aliacha mkate ukaungua.

Yuko hai. Walimshtaki kwa wizi. Alikaa mahabusu wiki sita, akarudishwa kwao, na baada ya hapo hakuna wakala aliyempeleka nje tena. Watoto aliwalea kwa mikate. Sikufichi: Luzviminda anasema Nenita akikutaja huwa na hasira. Husema, "Hata barua moja." Kisha huweka iliki.

Luzviminda alimpigia palepale, kule kwao ilikuwa alfajiri na Nenita tayari ameamka kuwasha moto. Walizungumza muda mrefu, mimi nimesimama na koleo la makaa mkononi. Mwishoni Luzviminda akafunika simu kwa kiganja, akaniambia, "Hataki kujua kingine. Anauliza swali moja tu. Kombo alimwahi mama yake?"

Mama, mimi nalijua jibu. Nilikuwepo. Ni mimi niliyekufungulia mlango, una mfuko mmoja wa plastiki, na matanga yamekwisha siku iliyotangulia. Ulipita moja kwa moja mpaka chumbani kwa bibi, ukakuta kitanda kimesimamishwa ukutani.

Nilimwambia Luzviminda kwamba jibu atalitoa mama mwenyewe. Sijui kama ni heshima au ni woga. Sasa naelewa kwa nini hukuandika, au nafikiri naelewa. Namba ya Luzviminda nimeiweka chini. Usipopiga sitakuuliza.

Mwanao,
Rahim


Tanga, 24 Julai 2025

Mwanangu Rahim,

Marahaba. Sisi wazima. Goti limetulia, na mvua imekuja usiku wa juzi, kidogo.

Nilikaa na ile namba siku sita. Siku ya saba nikampigia Luzviminda atuunganishe, maana Nenita na mimi sasa hatuna lugha. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuanzia. Nikasikia pumzi yake tu nikasema, "Sikumwahi. Walishamzika siku tatu." Luzviminda akatafsiri. Nikaendelea, nikasema ndiyo sababu, nilishindwa kumwandikia kwamba aliiba ule ufunguo bure. Luzviminda akatafsiri na hilo, masikini, si mambo yake haya. Kisha simu ikakatika. Luzviminda alisema ni mtandao. Mimi nilijua si mtandao.

Siku mbili sikula vizuri. Nilijiambia, haya, umejibiwa, ulistahili.

Jana asubuhi ikaingia namba ndefu. Alikuwa yeye, peke yake. Kile Kiarabu chetu kimeisha, yeye amebaki na maneno kumi, mimi labda kumi na tano, na nusu ni ya vyombo. Akasema neno la mama, kisha neno la jina. Nilichelewa kuelewa. Alikuwa ananiuliza mama yangu aliitwa nani. Miaka miwili tulilala ukuta kwa ukuta na sikuwahi kumwambia. Nikamwambia, "Mwanahawa." Akalitamka vibaya, nikamrekebisha, akalitamka tena. Akanitajia na la mama yake, naye amefariki. Nikalitamka mpaka akaridhika.

Baada ya hapo hatukuwa na la kusema, wala hatukukata. Nilimsikia akichochea moto, akisalimiana na watu wapitao. Nusu saa nzima. Sijui kama amenisamehe. Sikumwuliza, na hata ningetaka, neno lenyewe silijui kwa Kiarabu.

Nilipoweka simu chini, Riziki alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa kazini begani. Akauliza, "Mama, ulikuwa unaongea na nani lugha hiyo?"

Nikamwambia avute kiti.

Mama yako,
Mwanakombo