Maji ya Kukuoshea

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako naiitikia mwenyewe kimoyomoyo, halafu naendelea kupepeta mchele. Arobaini yako imepita na mimi sijalia bado. Watu wananitazama usoni kama wanatafuta kitu. Hakuna kitu, Mama. Nakula, nalala, nafagia.

Nikupe habari za huku. Michikichi ya kampuni imefika mpaka ukingoni mwa kijito. Ile miti waliyotuapia kwamba hawataigusa, ili maji yasiharibike, wameing'oa yote. Kisima walichoahidi hakijachimbwa. Wakipuliza dawa ya magugu maji yananuka kama rangi ya mabati, na mbuzi wa Shangazi Somoe wanayanusa tu wanaondoka.

Wewe uliwaosha maiti wa kike wa kijiji hiki tangu sijazaliwa, ukanifundisha na mimi. Kila msiba ulinituma kijitoni na ile ndoo ya bluu. Nikichota palipotuama unanirudisha: "We mtoto, chota yanapotembea! Huyu anakwenda kwa Mola wake, hatumpeleki na tope." Siku moja ulinirudisha mpaka nikanuna. Ukacheka, ukasema, nuna tu, marehemu hakuoni.

Siku yako nilichukua ndoo ileile nikaenda. Juu ya maji kulikuwa na utando unaong'aa, kama mafuta ya nazi yaliyomwagika. Nikasimama, nikarudi na ndoo tupu. Shangazi Somoe hakuniuliza, alituma bodaboda Somanga. Tukakuosha kwa maji ya chupa, Mama. Tulikuwa tunafungua vifuniko, kra, kra, kimoja baada ya kingine. Majani ya mkunazi yalikuwapo, kafuri ilikuwapo. Maji tu ndiyo yalitoka dukani. Nilikuosha vizuri, ulivyonifundisha, upande wa kulia kwanza, bila kutoa chozi. Nadhani ndipo nilipoganda.

Juzi watu wa kampuni wamekuja tena. Wamechinja ng'ombe, watu wamekula pilau. Sasa wanataka na ng'ambo ya kijito, ilipo mikorosho yetu na makaburi, na wewe umo. Ati makaburi watayazungushia uzio, nasi tutakuja kuwazuru kwa kuomba ruhusa getini. Loo! Bwana wao akasema maji yamepimwa, ni safi kabisa, hayana neno. Watu wakaguna, wakaendelea kula. Kesho baada ya sala ya Ijumaa kijiji kinakutana naye kuamua, na Shangazi anasema wengi watanyoosha mikono, kwa kuwa wameshakula cha watu na wanaona haya kukataa.

Mimi pilau sikula. Sikuwa na hasira, sikusikia njaa tu.

Basi pumzika, Mama. Mungu akuangazie kaburi lako. Nakuahidi hivi: kesho nitaijaza ndoo ya bluu palepale ulipokuwa ukinituma, niibebe mpaka mkutanoni, niitue mezani mbele ya yule bwana. Nitamuuliza swali moja, kama yuko radhi mama yake mzazi aoshwe kwa maji haya. Nitasubiri jibu nikiwa nimesimama, kijiji kizima kikimtazama.

Halafu nitarudi nyumbani nikulilie.

Mwanao,
Mwanahawa