Mama Anasubiri Jibu Lako

Bangwe, Kigoma
11 Agosti 1997

Mpendwa Mjomba Protais,

Shikamoo. Habari za huko Tabora? Kifua chako kimepoa? Sisi wengine tu wazima, ila dada yako si mzima, na ndiyo sababu ya haraka hii.

Tangu tumlete hospitali kutoka kambini, kile kidonda cha kisukari kimezidi. Mguu wa kushoto umeoza hadi kwenye kifundo. Daktari bado anasema ukatwe chini ya goti, la sivyo tutampoteza.

Barua yako iliniagiza nikubali tu. Nikatii, na hapo ndipo nilipokosea. Daktari hajui Kirundi, mama hajui Kiswahili, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Daktari alimuuliza mama anataka nini. Mama akakataa kwa Kirundi, "Oya, sitaki." Mimi nikamwambia daktari kwamba amekubali.

Nilisahau kuwa muuguzi wake, Marsiana, ni Mha, na Kiha na Kirundi ni ndugu. Alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, mama yako nimemsikia vizuri." Nilitamani ardhi inimeze, Mjomba. Nikaenda mwenyewe kusema ukweli. Daktari alifoka, kisha akamtuma Marsiana amuulize mama upya, mimi nikae nje.

Kumbe hatukuwahi kumuuliza kwa nini hataki. Haogopi kisu wala kufa. Anakumbuka tulivyokimbia vita Burundi mwaka 1993, bibi aliposhindwa kutembea, nawe na mama mkamwacha kando ya mto Malagarasi. Anauliza, tukikimbia tena, yeye wa mguu mmoja atabebwa na nani?

Nimemwambia nitambeba mimi. Akanitazama nilivyokonda, akageukia ukutani. Anataka akusikie wewe, kwa mdomo wako, kwa kuwa ni ninyi wawili mliomweka bibi chini.

Daktari atasubiri hadi Ijumaa asubuhi tu. Barua hii nampa jirani yetu Leonardi, anayepanda treni kesho. Nina hasira nawe, Mjomba, na ninaogopa sana. Usije kumwamuru, njoo umjibu. Akishasikia jibu lako na bado akasema oya, safari hii nitamwambia daktari oya.

Wasalimie Mama Niyokwizera, Audace na Ciza. Mungu akufikishe kabla ya Ijumaa.

Mpwa wako, akupendaye hata kwa hasira hizi,
Lyse