Makena, Hukuwa Mwaguzi

Makena,

Ni mimi, Kawira. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike kwenu Nkubu, na sijakuambia neno. Nimekaa darasani, watoto wameenda nyumbani, na ninaandika kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani. Usione vibaya.

Nianze na lile ulilolijua wewe na wengine hawakulijua. Aliyesema unaagua kwa kadi ni mimi. Si mama yangu, si mzee wa kanisa. Nataka kulisimulia lote kwa mpangilio, maana kila nikilisimulia kichwani kuna mahali huwa naparuka.

Ulikuwa unachora mabango na kadi za harusi kwa duka la uchapishaji mjini Meru, na chumba chako kilikuwa mtaa wa Majengo, nyuma ya bucha. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikuja kwako: mimi, Halima jirani yako anayeshona nguo, na Njeru wa Ishiara anayefundisha hesabu shuleni kwetu. Tulikaa mkekani, dadu katikati, kila mmoja akijifanya mtu mwingine. Mara ya kwanza Njeru alicheka: "Yaani watu wazima wameketi kucheza kalongolongo kama watoto?" Baada ya Jumamosi mbili yeye ndiye aliyekuwa anafika wa kwanza. Wewe ulitusimulia nchi, mito na mitego, sisi tukasema watu wetu wanafanya nini, na dadu ikaamua kama wamefaulu. Mtu wa Halima alikuwa mganga mzee wa mitishamba anayeishi peke yake mlimani. Wa Njeru alikuwa mwizi wa farasi mwenye mdomo. Wangu alikuwa Nkatha, kamanda wa walinzi, mwanamke asiyeogopa mtu.

Halafu ukaziona zile kadi za taroti kwenye simu, ukazipenda kwa michoro yake. Kadi ishirini na mbili, kila moja na picha na jina: Mpumbavu, Mtawa, Nguvu, Mnara, Mwezi, Jua, Kifo. Wako watu wanaozitumia kutabiri, na ulituambia hivyo waziwazi, lakini shida yako ilikuwa nyingine. Ulitaka kila mtu wa mchezo wetu awe na kadi inayofanana na tabia yake, ili ujue akibanwa atatenda nini. Ukazichora upya kwenye karatasi za manila ukiweka watu wa huku. Mtawa wako alivaa koti zito la baridi, akashika taa ya mafuta katikati ya shamba la chai. Nguvu alikuwa mama anayefunga mdomo wa chui kwa mikono miwili, bila haraka, kama anayemfunga ng'ombe kamba. Mimi nilipaka rangi. Rangi zote zile zilikuwa mkono wangu, Makena, na sikumwambia mtu.

Nakumbuka ulivyokuwa unaoanisha kadi na watu wetu. Hukuchanganya kadi wala kufumba macho. Ulituhoji kama daktari. Mtu wako anaogopa nini? Akiokota kitu na hakuna aliyemwona, anakipeleka wapi? Anamdanganya nani? Halima akasema mganga wake alikimbilia mlimani baada ya kushindwa kumponya mtoto wa dada yake. Ukamwekea Mtawa, ukamwambia atazame vile ile taa ameishika mbele, wanaokuja nyuma wapate kuona njia. Halima akafuta macho na kanga. "Ati ninalia juu ya mtu ambaye hayuko!" Njeru naye alitaka Mfalme, ukampa Mpumbavu, yule kijana anayetembea ukingoni mwa mwamba huku anaangalia mawingu. Akalalamika sana. Ukamwambia, "Huyo si mjinga, Njeru. Hajaumizwa tu bado."

Mimi nilitaka Nguvu. Nilikuwa nimempaka yule chui siku mbili, doa kwa doa, nikijua ni wangu. Ukaniuliza, "Nkatha akiwa vitani, watu wake wakimtazama, anafanya nini?" Nikasema anatangulia. "Na wasipomtazama?" Nilimtazama yule chui kwanza. Nikasema anatangulia pia. Ukaweka Mwezi mbele yangu: njia nyembamba kati ya mbwa wawili, maji, na uso wa mwezi juu. Ukasema, "Nkatha ni mtu mzuri. Lakini anaogopa sana vile watu watamwona."

Ulisema Nkatha, mimi nikasikia Kawira. Halima na Njeru walicheka, na sidhani walikuwa na ubaya. Nilicheka nao. Kisha nikaenda nyumbani na kadi zako zote ili nimalize kupaka zilizobaki, na nilikuwa nimekasirika. Sikuwa nimeudhika kidogo. Nilikasirika mpaka nikaiweka brashi chini.

Mama yangu alizipata Ijumaa akitafuta shuka. Iliyokuwa juu ni Kifo, ile mifupa iliyopanda farasi, nawe ulijua kuchora mifupa. Hakunigombeza. Alizifunga kwa kitambaa, na Jumapili baada ya ibada nikaitwa katika ofisi ya kanisa. Alikuwepo mzee wa kanisa, mama yangu, na wawili wa kile kikundi cha wamama ambacho mama yako naye yumo. Kadi zilikuwa zimetandazwa mezani. Mzee alisema kwa upole, "Kawira, wewe ni mwalimu wa shule ya kanisa. Tuambie tu ukweli. Hizi ni zako?"

Nikasema ni za Makena. Hiyo angalau ilikuwa nusu ya ukweli. Ningeishia hapo wangekuita, ungewaonyesha dadu, ungewasimulia habari za yule mwizi wa farasi mpaka wacheke. Lakini mama mmoja akauliza, "Na ni za kufanya nini?"

"Anaagua nazo," nikasema. "Alitaka kuniagulia, nikakataa."

Hapa ndipo huwa naparuka. Tangu siku ile nimejiambia ulikuwa woga, kwamba barua ya kunithibitisha kazini ilikuwa bado haijatoka, kwamba mama alikuwa ananitazama. Woga ulikuwepo. Lakini nikisema maneno yale niliuona Mwezi pale mezani, na ndani yangu kitu kilifurahi. Nilitaka nawe uvuliwe nguo mbele ya watu, kama nilivyohisi nimevuliwa pale mkekani. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Nakuambia wewe.

Kadi walizichoma nyuma ya kanisa. Wewe walikutoa katika shule ya Jumapili, wewe uliyewachorea watoto Zakayo juu ya mkuyu, miguu ikining'inia na kiatu kimoja kimeanguka. Hawakukupa nafasi ya kujieleza, walisali nawe tu. Darasa lako wakanipa mimi. Nikalikubali, Makena. Jumapili ya kwanza mtoto mmoja akauliza, "Tichari Makena ni mgonjwa?" Nikamwambia akae chini tuimbe.

Siku mbili baadaye ulinisubiri nje ya geti la shule. Hukupiga kelele. Uliniuliza, "Kawira, niliagua lini?" Nikaanza kusema niliulizwa vibaya, nilichanganyikiwa, wale wamama unawajua. Ulibaki umesimama pale, na sasa najua ulikuwa unanipa muda. Sikuutumia. Ukasema, "Haya," ukashika njia ya kupanda, ukipumzika pale kwenye ukingo wa barabara kama ulivyozoea kwa sababu ya moyo wako uliokuwa mgonjwa. Sikukufuata. Jumamosi ile sikuja Majengo, na sikuja tena.

Ulihamia Embu kwa shangazi yako. Nilisikia kwa Njeru kwamba unachora huko, kisha nikasikia umelazwa. Nilichukua simu mara nyingi, na kila mara nikaona nina jambo la kufanya kwanza. Halima ndiye aliyenipigia. "Makena ametuacha," akasema, akakata. Hakuniambia pole.

Siku ya mazishi nilikuwa jikoni na wamama, tunamenya viazi. Mmoja akasema, bila hata kushusha sauti, "Mtu akicheza na mapepo, mapepo huja kuchukua chao." Wengine wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa najua moyo wako ulikuwa mgonjwa tangu tukiwa darasa la nne. Nilikuwa nakubebea mkoba tukipanda mlima, nikisubiri pumzi yako irudi. Ningeweza kusema hilo tu, hata bila kujitaja. Nilichukua kiazi kingine nikamenya.

Mwezi uliopita mama yako alikuja shuleni wakati wa mapumziko, amebeba nduma za kupika kwenye kikapu cha kiondo. Nilimpa kiti changu akakikataa, akakaa kwenye benchi la watoto. Akasema, "Kawira, ninyi mlikuwa mnatembea pamoja. Niambie kama mtoto wangu alikuwa mwaguzi. Yeye sikumuuliza. Niliogopa angesema ndiyo."

Nikamwambia. Nilisimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, nikamwambia kadi zilikuwa za nini, na ni nani aliyezipaka rangi, na nilisema nini ofisini. Aliuliza jambo moja: "Na yeye katika huo mchezo alikuwa nani?" Nikamwambia ulikuwa watu wote waliobaki. Ulikuwa mvua, ulikuwa majambazi, ulikuwa bibi kikongwe wa kwenye daraja aliyedai kuimbiwa kabla watu hawajavuka. Akatabasamu. "Hivyo ndivyo alivyokuwa hata akiwa mdogo. Alikuwa anaongea kwa sauti ya kuku." Kisha tabasamu likatoka usoni, nikaliona linavyotoka.

"Na ukamenya viazi kwa mazishi yake ukinyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Sijui nikwambie nini. Alhamisi wamama wanakutana. Utakuja useme. Usipokuja, usinisalimie tena njiani."

Akasimama, akabeba nduma zake akaenda nazo.

Nilikwenda. Walikuwa kama ishirini, na mama yangu alikuwa karibu na dirisha. Nilisema nilidanganya, kwamba hukuwahi kumtabiria mtu chochote, kwamba kadi zilikuwa za mchezo wa kusimuliana hadithi na mimi nilikuwa ndani yake kama wewe. Nikasema ulikuwa na ugonjwa wa moyo tangu utotoni. Yule mama wa viazi akasema, "Hata hivyo, zile picha hazikuwa nzuri." Mama yangu akachukua mkoba wake akatoka. Tangu siku hiyo ananiambia "chakula kiko" na "funga mlango," basi. Mzee wa kanisa alininyang'anya darasa la Jumapili, na sikuona ubaya. Jumapili iliyofuata alisoma masahihisho kanisani, mistari mitatu, kati ya tangazo la harusi na la mkutano wa maji. Wengi walikuwa wanapekua vitabu vya nyimbo. Mama yako alikuwa benchi la pili. Alipolisikia jina lako alisimama, peke yake, akabaki amesimama mpaka mzee akamaliza.

Kazi yangu bado ninayo. Nilikuuza kwa ajili ya kitu ambacho hata hakikuwa hatarini.

Jana nilikwenda Majengo. Halima alikuwa kwenye cherehani, hakuisimamisha miguu. Nikamwambia yote, nikamwomba anisamehe. Akasema, "Mimi umenikosea nini? Nenda umwambie mwenyewe." Nikasema Makena amekufa. Akasema, "Ndiyo. Ungeenda mapema."

Ndiyo maana naandika.

Sitakuomba unisamehe, Makena. Huwezi kukataa, na kumwomba mtu asiyeweza kukataa ni kumwonea mara ya pili. Nakuahidi hili tu, ambalo naliweza: nikisikia mtu anataja jina lako pamoja na uaguzi, sokoni, kanisani, katika matanga ya mtu mwingine, nitasema hapo hapo, kwa sauti, hata kama mama yangu ananitazama. Na nitasema mimi ni nani katika habari hiyo.

Pumzika, dada. Njia ya kwenu ina mlima, lakini sasa huhitaji kusimama kupumua.

Kawira